Soda Iliyochoma Pua Karatu Nzima

Nyinyi vijana mnaokaa pale stendi na chupa za kizibo mkononi, mkiniona napita mnaniita, "Bwana Gesi, karibu tangawizi!" Nashukuru kwa adabu. Lakini hicho mnachokunywa si tangawizi. Ni maji ya sukari yaliyopita karibu na shamba la tangawizi, tena yalipita kwa gari, vioo vimefungwa.

Nina haki ya kusema. Kuanzia Mto wa Mbu mpaka juu kabisa ukingoni Ngorongoro, hakuna mtu aliye hai aliyejaza chupa za soda kwa mikono yake kunishinda mimi, Safari wa Kansay, ambaye darasa la nne sikulimaliza. Ile nyumba ya saruji mnayoiona nyuma ya mashine ya kusaga niliijenga kwa hewa. Ndiyo, hewa. Wengine walijenga kwa kahawa, wengine kwa ng'ombe, mimi nilijenga kwa hewa niliyoifunga ndani ya chupa. Sasa nimeacha kazi na nywele zangu nyingi bado nyeusi. Sikuchoka. Nimeachishwa na ndimi za watu. Nataka mjue ilivyokuwa, maana mnapenda kusema kwamba mambo ya zamani yalikufa yenyewe. Hayakufa yenyewe. Soda yangu niliiona ikifa mchana kweupe, harusini Qurus, watu wakipiga vigelegele.

Mara ya kwanza kuionja nilikuwa mchunga mbuzi. Baba alinipeleka mnadani Karatu, akauza ndama, roho ikamkunjuka, akanivuta mkono hadi kwenye kibanda cha Mama Zaituni. Huyu alikuwa mwanamke wa Kondoa, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya korongo akaitika. Mumewe alinunua mashine ya kutengenezea soda kwa Mhindi mmoja wa Arusha, akaiweka chumba cha nyuma, kisha akafariki, akamwachia mkewe gurudumu la kuzungusha. Chupa zao zilikuwa nene, za kijani, zimebinywa shingoni, na ndani ya shingo mna gololi ya kioo. Kizibo hakuna. Gesi yenyewe ndiyo iliyoisukuma gololi juu ikabana kwenye mpira na kuziba. Ukitaka kufungua unaibonyeza gololi kwa kidole gumba, kwa nguvu. Pwaa! Inaanguka, na moshi mweupe unatoka kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

Baba akabonyeza. Nikanywa. Mama yangu! Ilikuwa kama nimemeza nyuki walio hai. Ikapanda puani, ikatokea machoni, nikapiga chafya, nikalia. Watu wakacheka wakashika mbavu.

"Mtoto wako amekunywa au amepigwa?" mmoja akamwuliza baba.

"Mpe tena," Mama Zaituni akasema. "Anayelia ndiye mteja."

Nikanywa tena huku nalia. Kuanzia hapo sikutaka kazi nyingine yoyote duniani, wala sikuitafuta. Nilipowatoroka walimu nilikwenda moja kwa moja kwake.

"Unataka nini?"

"Kazi, mama."

"Unajua nini?"

"Najua kunywa."

Akanitazama juu mpaka chini, akanipa brashi ya katani, ndoo ya majivu na mlima wa chupa. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na cheti chake ni vidole hivi vyenye makovu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hakuna tena atakayewaambia. Chupa unainusa kabla ya kuiosha. Mjinga huosha kwanza, akanusa baadaye. Watu wa Karatu waliweka kila kitu kwenye zile chupa: mafuta ya taa, maziwa ya mgando, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Iliyotiwa mafuta ya taa usihangaike nayo, hata uichemshe wiki nzima itamkumbusha mnywaji kibatari. Mimi nilifika mahali nikawa naijua chupa ilikotoka. Hii imekaa kwa mfuga nyuki, hii imekaa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Mama Zaituni aliwaita majirani waje kuniona nikinusa, kama watu wanavyokwenda kumwona tembo.

Tangawizi yenyewe ilikuja kwa lori kutoka Upareni. Usiimenye kwa kisu. Ikwangue kwa kijiko, maana ukali umelala chini kidogo tu ya ngozi, na mwenye kisu huutupa nje pamoja na maganda. Itwange kwenye kinu cha mti. Ichemshe mpaka povu lipande, lishuke, likae kimya. Iache ilale. Asubuhi ichuje kwa kitambaa cha marekani, uifue marekani, uichuje tena. Ndipo sukari, ndipo ndimu. Gesi haiingii mpaka shira imepoa kabisa, kwa sababu gesi na moto ni wake wenza, hawakai jiko moja.

Kisha kujaza. Unavaa barakoa ya waya, maana chupa ikiamua kupasuka haiulizi una watoto wangapi. Unaipindua kichwa chini kwenye mashine, unazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, unasikiliza. Mashine ile ilikuwa na mlio. Kwanza ililalamika kama ng'ombe anayesukumwa kwenye josho, halafu ikaanza kupiga mluzi mwembamba.

"Ikiacha kulalamika, toa," Mama Zaituni alikuwa akisema. "Ukichelewa, utalalamika wewe."

Nilichelewa mara moja. Kosa langu ni hili, na mlicheke, mimi mwenyewe nililicheka baadaye. Tulikuwa tukipeleka soda juu Ngorongoro, kwenye hoteli ya ukingoni, na kule kuna baridi, kwa hiyo chupa za kule nilizishindilia gesi mpaka gololi ikatetemeka. Baridi huituliza gesi. Hoteli ikasifu sana. Nikavimba kichwa. Ulipokuja mzigo wa Mto wa Mbu nikasema nao watu wa bondeni waonje mkono wa fundi, nikazishindilia vilevile. Nikasahau kwamba ukishuka ule mteremko unaingia kwenye tanuri. Lori lilikuwa halijafika katikati ya mteremko nilipoanza kusikia: pa! Pa-pa! Abiria waliokaa juu ya magunia wakadhani ni majangili. Katekista mmoja aliruka na kuku wake kwapani, akaangukia kichaka cha miiba, kuku akatangulia mbele kuelekea Manyara. Tulipofika chini nusu ya mzigo ulikuwa vigae, na utingo anabubujikwa na tangawizi kutoka nywele hadi vidole vya miguu.

"Safari," Mama Zaituni aliniambia niliporudi, "ulikuwa unatengeneza soda au baruti?"

"Soda, mama."

"Basi soda ya watu wa joto ipunguzie pumzi. Hata mtu akiwa na hasira humpeleki kwenye jua."

Tangu hapo nilijaza kwa kuangalia mahali inapokwenda. Ya Mto wa Mbu pumzi ndogo, ya Karatu pumzi ya kati, ya ukingoni pumzi kamili. Nyinyi mnaonyweshwa soda ya aina moja kutoka Dar mpaka Loliondo, mnaiita maendeleo.

Macho ya Mama Zaituni yalipofifia, alihamishia kigoda chake barazani, akaniachia chumba cha nyuma. "Zungusha wewe," akasema, "mimi nitasikiliza." Na kweli alisikiliza. Nikikosea mluzi, sauti yake inapenya ukutani: "We!" Nimefundishwa kazi na sikio la bibi yule kuliko nilivyofundishwa hesabu na walimu wote wa serikali.

Sasa niwaeleze kwa nini soda ile haikuwa kinywaji tu, msije mkadhani nalilia chupa. Kwetu sisi Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu, mzee akibariki huchukua funda la kwanza la pombe, hulituliza kinywani, halafu hulipuliza kama ukungu juu ya vichwa vya wanaobarikiwa. Baada ya hapo ndipo anaanza slufay, yale maombi marefu ya wazee ambayo watu wote huyaitikia. Dini ilipoenea na wazee wa kanisa wakaacha pombe, baraka zikakosa kinywaji. Wengine wakajaribu maji. Watu wakaguna, wakasema maji hata punda anakunywa. Aliyelikata jambo lile ni Aako Gwandu wa Qurus. Aako ni babu, na yeye alikuwa babu wa tarafa nzima, mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kwenye harusi ya mwanawe aliagiza soda ya gololi, akapiga funda, akalipuliza, akasema: "Inachoma kama pombe na hailevyi. Mungu atatusikia."

Ikawa sheria. Kuanzia Qurus mpaka Kansay hakukuwa na posa, harusi wala mapatano ya mipaka ya shamba bila kreti la Mama Zaituni. Nilikuwa nikipita barabarani watu wananipisha. Padri ana maji yake ya baraka, na mimi nilikuwa na yangu. Na niwaambie ukweli, yangu yalikuwa na ladha.

Halafu ikaja ile miaka ya baada ya vita, bidhaa zilipopotea madukani. Nyinyi mlikuwa migongoni mwa mama zenu, mnasikia hadithi tu za foleni. Sukari ikawa ya kugawiwa kwa kipimo, sabuni vilevile, na mitungi yangu ya gesi iliyokwenda Arusha kujazwa ilirudi mitupu, kisha ikaacha kurudi. Watengenezaji wa soda niliowajua walifunga vyumba au wakatia sakarini na rangi, ladha kama umelamba msumari. Mimi? Mimi nilikaa juu ya kreti tupu, nikafikiri. Sukari hakuna, lakini wajomba zangu Kansay wana mizinga. Nikatia asali. Ikakubali, tena ikaleta harufu ya maua. Ikabaki hewa.

Nilikuwa na rafiki, Mmasai wa Engaresero, jina lake Lemayani, aliyekuwa akipandisha magadi kwa punda kutoka ziwani kuja kuyauza Karatu kwa wapika makande na wauza ugoro. Siku moja alinikuta nimeshika tama.

"Ero," akaniita kwa Kimasai, "mbona umekaa kama mtu aliyeliwa na simba ng'ombe wake?"

"Hewa imekwisha."

Akatazama huku na huku, akavuta pumzi kwa pua. "Mimi naona ipo tele."

"Hewa ya soda, Lemayani."

"Nyinyi Wambulu ni watu wa ajabu. Mnawauzia wenzenu hewa, halafu inawaishia." Alicheka mpaka akajishikilia kwenye fimbo. Akachukua kipande cha magadi kwenye gunia, akakidondosha ndani ya kibuyu cha pombe ya asali iliyochacha ambayo nilikuwa sijaimwaga. Alifanya mchezo tu. Kibuyu kikachemka, povu likamwagika mpaka sakafuni.

Nikaruka. Nilifanya vile ambavyo mtu yeyote wa huku aliyezoea kupikia magadi angefanya: niliyatia moja kwa moja ndani ya soda. Yakachemka vizuri, gololi ikapanda, nikashangilia. Kreti la kwanza nikawapa vijana wa kwaya waliokuwa wanafanya mazoezi. Walikunywa kwa heshima, nyuso zimekunjamana. Wimbo wa kwanza waliumaliza. Wa pili aliuanza mwalimu peke yake, maana wengine wote walikuwa migombani. Kwa muda mrefu nikipita watu wananiuliza, "Bwana Gesi, leo ya maharage ipo?"

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Niliona kwamba ninachokitaka ni ile pumzi, magadi yenyewe yabaki nje. Nikatafuta pipa lenye mfuniko wa kukaza, nikatia magadi na ile pombe iliyochacha ikawa siki, nikaunga mpira mpaka kwenye pipa la pili lenye maji safi ili pumzi ioge, na kutoka pale mpaka kwenye mashine yangu. Mara ya kwanza pipa liliruka likatoboa bati. Mara nyingine likakubali. Nikazungusha gurudumu: likalalamika, likaanza mluzi. Kutoka barazani sikusikia "We!" Nikajua nimefaulu.

Vijana, hebu fikirini. Nchi nzima ilikuwa haina soda, na Karatu mtu alikuwa anabariki harusi kwa tangawizi yenye asali ya Kansay na pumzi ya Ziwa Natron. Nani alifanya? Mhandisi? Ni mimi. Maofisa walisimamisha magari yao ya serikali mlangoni kwangu. Mmoja alinywa, akalia machozi, akaniambia, "Wewe ungesoma ungekuwa hatari." Nikamjibu, "Ningesoma ningekuwa kwenye foleni ya sukari kama wewe."

Ndiyo sababu roho inaniuma. Tuliishinda njaa ya sukari tukaja kushindwa na shibe.

Miaka ya ruksa ilipofika, magari yakaanza tena kupanda na bidhaa. Siku moja likasimama lori limepakwa rangi mpya, akashuka kijana mmoja wa kiwanda cha mjini, Elibariki, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Bwana Gesi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Tangawizi."

"Tangawizi iko ndani, inachemka."

Akatabasamu. "Mzee, kwa heshima, yako ni dawa. Hii ni kinywaji." Akanipa chupa nyembamba, baridi, yenye kizibo cha bati na picha ya tangawizi kubwa kuliko ngumi yangu. Nikaonja. Tamu. Baridi. Ukali ulikuwa umesimama mlangoni unaogopa kuingia. Nikaitema kwenye vumbi mbele yake.

"Tangawizi iko wapi humu?"

"Kuna ladha yake."

"Ladha yake! Na wewe ukioa utakubali uletewe harufu ya mke?"

Makuli waliokuwa wakipakua lori wakacheka. Elibariki naye akacheka, hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akaniambia kiwanda kinatafuta wakala, watanipa na friji la mafuta ya taa, niache kuungua mikono. Nikamwonyesha barabara ya kurudi Arusha.

Hakuwa mjinga, akaenda kwa wenye maduka. Watoto wakaanza. Halafu walimu. Halafu madereva wa watalii, wale niliowalea kwa soda yangu, wakaanza kusema gololi inachelewesha safari. Nikajipa moyo: wanywe wanavyotaka barabarani, baraka bado ni zangu. Aako Gwandu yuko hai. Na hata Elibariki aliliona hilo. Mjukuu wa Aako Gwandu alipotangaziwa ndoa, Karatu nzima ikawa inasubiri. Mzee akipuliza ya gololi, familia zote zitafuata, nami nitaendelea kuzungusha gurudumu. Akipuliza ya kizibo, nifunge chumba. Hakuna aliyelisema waziwazi, lakini mpaka wauza nyanya walilijua.

Sijawahi kutengeneza soda kama ile, wala Mama Zaituni mwenyewe. Asali nyeupe ya mzinga mmoja, tangawizi niliyoichagua kidole kwa kidole. Chupa nilizinusa zote mara mbili. Nikamchukua Mama Zaituni, nikampandisha mbele kwenye pikapu ya jirani, mimi nikakaa nyuma nimezikumbatia kreti, tukaenda Qurus.

Elibariki alikuwa amekwisha kufika. Zake alizileta zawadi, zimezama kwenye beseni la barafu, watoto wamelizunguka kama nzi. Tukasalimiana kwa vidole. Mama Zaituni nikamkalisha chini ya turubai, kwenye kiti cha mbele, mahali pake.

Maharusi wakapiga magoti. Mezani pamewekwa chupa mbili. Aako Gwandu akanyanyuka kwa mkongojo. Akaigusa yangu. Moyo ukanirudi mahali pake.

"Safari," akasema, "nibonyezee. Kidole changu hakina tena nguvu."

Nikabonyeza. Pwaa! Ilisikika mpaka malangoni. Moshi ukapanda mzuri kabisa. Mzee akapiga funda, akafumba macho, akalituliza kinywani kama inavyotakiwa. Tukasubiri. Nikaona shingo inacheza. Nikaona mashavu yanatetemeka. Akakohoa. Funda likamshuka kooni, machozi yakamtoka, wajukuu wakamshika mabegani. Juu ya vichwa vya maharusi halikuanguka tone. Wanawake wakatazamana. Baraka iliyomezwa na mbarikiaji, nani aliwahi kuiona?

Mzee akajifuta. "Safari, mwanangu, meno ndiyo yalikuwa yakinisaidia kuishika. Sasa fizi ni nyama tupu. Hii yako inaninyima kinywa changu."

"Nikupunguzie, Aako. Nichanganye na maji kidogo..."

"Nipeni ile."

Elibariki alikwisha kuifungua. Mzee akapiga funda, akalikalisha bila shida yoyote, akalipuliza. Likatoka jembamba, pana, kama manyunyu ya asubuhi, likawafunika wote wawili. Bibi harusi akalamba mdomo, akatabasamu. Watu wakaitikia kwa sauti moja, vigelegele vikapanda mpaka mbuzi wakakimbia.

Sikuweza kunyamaza. Mnanijua. "Aako, hiyo haina tangawizi!"

Akageuka taratibu. "Mungu hakuniuliza tangawizi. Aliniuliza funda." Akaendelea na maombi yake, na watu wakaendelea kuitikia.

Nikaondoka mezani, nikaenda kwa mtu mmoja tu duniani aliyekuwa amebaki upande wangu. Mama Zaituni alikuwa amekaa palepale, na mapajani ana chupa ya kizibo. Tupu.

"Mama, na wewe?"

"Nimeletewa na mtoto. Ningemkatalia mtoto?"

"Waambie basi. Wewe watakusikia. Waambie hii si tangawizi."

"Si tangawizi," akasema kwa sauti yake ileile ya ng'ambo ya korongo. Nikavuta pumzi. "Lakini ni tamu."

"Mama! Tamu? Kazi yetu yote, ule ukali..."

Akanishika mkono akanivuta chini, nikachuchumaa mbele yake kama mtoto. Macho yake hayakuwa yakiniona tena vizuri, yalikuwa yakitazama kando ya sikio langu.

"Ukali ule uliujua ulikotoka? Kisima chetu cha kwanza kilinuka, Safari. Maji yake yalikuwa kama yai viza. Marehemu mume wangu alichemsha, alichuja, wapi. Akaniambia, tia tangawizi mpaka maji yasisikike. Nikatia. Watu wakalia machozi, wakasema hii ndiyo soda. Tulipopata maji mazuri, tukipunguza wanatugombeza. Tukaacha hivyohivyo."

Turubai lilikuwa linapigwa na upepo. Watu walikuwa wanaanza kugawana nyama.

"Mbona hukuniambia, miaka yote hiyo?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unajivuna nayo vizuri."

Mnaweza kuniambia nimeshindwa, na mnaniambia, hata msipofungua midomo. Hamnioni nikikubali. Ladha iliyozaliwa na maji mabovu ikalea Karatu nzima ni ladha, na kitu kisicho na ukali wowote hakistahili jina, hata kiwe na picha. Hivyo ndivyo ninavyosema stendi, na ndivyo nitakavyosema. Lakini pale Qurus, nimechuchumaa, sikusema hata moja kati ya hayo.

"Ziko nyingine?" Mama Zaituni akauliza. "Koo limekauka."

Nikaenda kwenye beseni. Elibariki akanipa kifungulio bila kunitazama, na hiyo ni adabu, nampa haki yake. Fundi mzima wa soda, sikujua kukishika. Kiliteleza mara mbili, makuli waliowahi kunibebea kreti wakageuza nyuso. Mara ya tatu kizibo kikatoka na kasauti kadogo, fss. Nikampelekea mama yangu. Akanywa yote kwa mkupuo mmoja, hakukohoa, hakutoa chozi, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akanyoosha chupa tupu kuelekea niliposimama.

Nikamfungulia nyingine.